Selwyn Crabtree na Neno la Silabi Tatu

Selwyn Crabtree alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, lakini si kile cha kurudiarudia herufi ambacho watoto hukiigiza shuleni. Chake kilikuwa cha kufunga. Neno lilifika mlangoni likakwama: mdomo umefunguka, macho yamefumba, mishipa ya shingo imetutumka, na sauti hakuna. Herufi iliyomtesa kuliko zote ilikuwa S, na wazazi wake, bila kujua wanamfanyia nini, walikuwa wamempa jina linaloanza na hiyo hiyo.

Kwa hiyo akawa fundi wa vichochoro. Kwa Kiingereza Jumamosi na Jumapili zote huanza na S. Yeye alisema "wikiendi" na kuwaachia watu wajijulie ni siku ipi. Soseji nazo huanza na S. Alizipenda sana, lakini kwenye duka la chipsi pale Todmorden, mji wetu mdogo kaskazini mwa Uingereza, alikula samaki mpaka akaingia utu uzima, kwa sababu samaki, kwa lugha yao, huanza na F. Ukizungumza naye usingegundua lolote. Ungeona mtu mpole mwenye ndevu nyekundu na mabega ya kubebea magogo, anayesema machache na kusita kidogo hapa na pale. Usingejua kwamba ndani ya kila sentensi kuna mtu anayekimbia huku ametumbua macho, akitafuta shimo la mbele liko wapi.

Nimekaa mtaa mmoja naye kwa miaka mingi, ng'ambo ya mfereji. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho, na mengine alinieleza mwenyewe, polepole, kwa muda wake.

Alifanya kazi ya kukata miti kwa Leonard Thackwray, mwenye kampuni ndogo na malori mawili. Selwyn alikuwa mtu wa chini: kushika kamba, kuburuta matawi, kulisha mashine ya kusaga. Mpandaji alikuwa Dougie Rushworth, mwembamba kama ngazi, mwenye mdomo usiopumzika. Dougie alimtania Selwyn kama alivyomtania kila mtu, lakini hakuwahi hata siku moja kummalizia neno. Selwyn akikwama, Dougie huko juu alizima msumeno, akasokota sigara yake na kusema, "Usiharakishe, Crabtree. Huu mti umengoja tangu enzi za babu yake babu yangu, utakungoja na wewe."

Asubuhi moja ya Oktoba, wakiwa uani wanapakia lori, Thackwray alitoka stoo na kamba ya bluu akaitupa nyuma ya gari.

"Mpya hii, Len?" Dougie akauliza.

"Second-hand," Thackwray akajibu. "Lakini haina neno. Nimeikagua mwenyewe."

Yaani ya mtumba. Imetumiwa na mtu mwingine, mahali pengine, kwa namna ambayo wao hawakuijua. Dougie akaishika, akaivutavuta, akainusa.

"Inanuka gereji."

"Mbona na wewe unanuka gereji na bado nakupandisha?"

Wakacheka wote watatu. Selwyn naye alicheka, na kicheko kile kilimkaa kifuani baadaye kama mfupa.

Kabla ya saa sita mchana, Dougie akiwa juu kwenye mwaloni nyuma ya kanisa la zamani, ile kamba ilikatika. Selwyn alikuwa chini yake. Alisikia mlio mdogo, kama mtu amefyatua vidole, kisha akaona kamba inashuka imelegea mbele ya mtu aliyekuwa akiitegemea. Dougie alikufa pale pale kwenye majani.

Polisi walifika pamoja na gari la wagonjwa. Askari mmoja, dada mwenye sauti ya upole, alimkalisha Selwyn kwenye ukuta wa makaburi akamwekea blanketi mabegani.

"Hebu nieleze kuhusu kamba. Ilikuwa mpya?"

Selwyn akatikisa kichwa.

"Bosi wako aliwaambia nini alipoitoa?"

Selwyn akafungua mdomo. Neno alilijua, na bado alikuwa analisikia kwa sauti ya Thackwray. Lakini lilianza na S, na koo likafunga kama bomba lililogandishwa na baridi. Askari akangoja. Nyuma yake watu walikuwa wanafunika mwili. Selwyn alijaribu mara ya pili, pumzi ikamwishia, na ule mwili wake uliozoea kukimbia ukakimbia.

"Old," akasema. "Alisema ni... old."

Askari akaandika: kuukuu. "Alisema, 'ile kamba kuukuu'? Hivyo?"

Selwyn akaitikia kwa kichwa ili mambo yaishe. Akatia sahihi.

Utauliza kwa nini baadaye hakurudi kusahihisha. Nilimuuliza mimi pia. Alisema mwanzoni hakuona kama kuna tofauti kubwa, kuukuu na mtumba si ndugu? Tena wataalamu walikuwa wameichukua kamba, wao wataona wenyewe. Kisha siku zikapita, na kubadili taarifa uliyotia sahihi kunatisha, hasa kama unajua utaulizwa kwa mdomo ni kwa nini. Na tena alisema kitu ambacho sijakisahau: neno ulilolikimbia miaka yote hulifikii hata kwa kalamu. Akili imeshalipita kabla mkono haujafika.

Wataalamu waliona, lakini nusu. Walisema nyuzi za ndani ziliunguzwa na asidi, kama ile ya betri ya gari. Iliunguzwa lini, hawakuweza kusema.

Hapo Thackwray akapata pa kupitia. Akawaambia wachunguzi kwamba kamba aliinunua mpya dukani majira ya kuchipua. Risiti? Zilikwenda na mafuriko, na bonde zima linajua mafuriko yalivyoingia uani kwake. Kuhusu "ile kamba kuukuu" aliyotaja Crabtree, naam, huenda aliiita hivyo, kwa sababu garini kulikuwa na nyingine mpya zaidi. Na asidi je? Dougie, Mungu amrehemu, alikuwa na mazoea ya kubeba vifaa kwenye buti la gari lake, humo humo na betri za akiba. Kila mtu alijua.

Kila mtu alijua kweli, ndiyo sababu maneno yale yalishika. Ikawa marehemu amejiua mwenyewe kwa uzembe.

Mjane wake, Philippa, ambaye sote tulimwita Pip, alikuja nyumbani kwa Selwyn mchana mmoja wa Februari. Hakukaa. Alisimama jikoni na koti lake lenye maji ya mvua.

"Sel, sitaki maelezo marefu. Nataka neno lenyewe. Len alisema nini siku ile?"

Selwyn akafungua mdomo. Pip akamtazama. Birika lilichemka, likajizima. Na Selwyn, mbele ya mtu aliyestahili kuliko wote kulisikia, akatelezea tena kwenye kichochoro.

"Old."

"Old namna gani? Koti hili ni old. Kile kilima ni old. Mimi mwenyewe nimekuwa old tangu Oktoba!" Sauti yake ikapanda. "Kama aliinunua mpya, basi Dougie ndiye aliyeiharibu, na mimi nilikuwa naona zile betri kila siku, sikusema kitu. Unaelewa unachonipa?"

Akatoka bila kufunga mlango. Selwyn alibaki amesimama, baridi inaingia, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba kule kukwepa kwake, ambako maisha yake yote aliamini hakumdhuru yeyote isipokuwa yeye mwenyewe na soseji zake, kumemwangukia mtu mwingine.

Wiki iliyofuata alikwenda kituo cha afya kumwona Imelda Fairhurst, mtaalamu wa usemi. Ofisi yake ilikuwa mwisho wa korido, mkabala na kliniki ya miguu. Alikuwa mama mtu mzima, mkubwa wa mwili, mwenye tabia ya kuvunja peremende kwa meno katikati ya sentensi.

"Nikuambie mapema, mwanangu, tusije tukadanganyana," alisema. "Mimi sikuponyi. Kitu hiki utazeeka nacho. Lakini kuna njia za kupita nacho mlangoni. Umekuja kwa ajili ya nini?"

"Neno moja."

"Moja tu? Watu huja na kamusi nzima. Lipi?"

Selwyn akajaribu kulisema. Lilikwama. Imelda hakumsaidia, hakutazama saa, wala hakutikisa kichwa kwa huruma kama watu wafanyavyo. Alikaa tu. Upande wa pili wa korido mtu alicheka, mlango ukafungwa. Uso wa Selwyn uliiva, akapiga meza kwa kiganja, na mwishowe likatoka, limevunjika vipande, mate yakiwa pamoja nalo: second-hand.

"Aa," Imelda akasema. "Hilo. Sasa tulipasue tulione lina nini ndani."

Akachukua karatasi akachora visanduku vitatu. Se. Cond. Hand. Silabi tatu. Ni kivumishi kilichoundwa kwa maneno mawili, alieleza, na vivumishi vya namna hiyo vina tabia ya ajabu: mzigo wake unahama.

Sisi tunaosema Kiswahili shida hii hatuijui. Mkazo wa neno letu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, umetulia kama mzee kwenye kiti chake. Ukirefusha neno, unajivuta nalo. Kiingereza hakina utulivu huo. Imelda alimwonyesha. Waingereza hutanguliza sifa kabla ya kitu, na ukisema hivyo, kamba ikija nyuma ya sifa yake, uzito unarukia mbele kabisa: SE-cond-hand, halafu ndiyo kamba. Lakini ukianza na kamba, ukasema kamba ilikuwa hivi na hivi, sifa ikibaki mwisho wa sentensi, uzito unakwenda kukaa nyuma: se-cond-HAND.

"Sema ya kwanza," akamwambia.

Selwyn akajaribu. Akakwama kama aliyegonga ukuta.

"Sasa ya pili. Anza na kamba. Na ile S ya mwanzo usiishike. Ipulizie tu, kama unapoza chai. Mzigo haupo hapo, uko huko mwisho kwenye H."

Ilimchukua muda. Kisha ikatoka. Ilitetereka, ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka, na Selwyn akamtazama Imelda kama mtu aliyesikia sauti chumbani akajua ni yake.

"Kigugumizi chako kinapenda silabi nzito," Imelda alisema, akavunja peremende. "Kinakaa mlangoni kinaingoja. Ukifungua kwa silabi nyepesi, mara nyingine hakikuoni. Nasema mara nyingine. Usije ukanidai."

Walifanya mazoezi majuma mengi. Kugonga meza kwa kidole, gonga dogo, gonga dogo, gonga kubwa. Nilipita nje ya nyumba yake jioni nyingi nikisikia ile meza inavyogongwa, na sikujua ni nini. Nilidhani anatengeneza kitu. Imelda alimfundisha na jambo jingine, gumu kuliko la silabi: akikwama, asikimbie. Abaki pale pale, aachie, aanze tena.

"Kwenye kikao cha kuchunguza kifo, wakili wa kampuni atakuuliza kwa namna itakayokulazimisha utangulize lile neno," alimwambia siku ya mwisho. "Ni kawaida ya maswali. 'Kamba ya aina gani?' Watu wote hujibu kwa kutanguliza sifa. Wewe usimfuate. Geuza sentensi."

Kikao cha kuchunguza kifo kilifanyika Juni, kwenye ukumbi wa mji wenye zulia la kijani na madirisha yaliyokataa kufunguka. Mimi nilikaa benchi la nyuma. Mchunguzi wa vifo alikuwa mwanamume mwenye miwani, mwenye subira. Thackwray alikaa mbele na tai mpya. Kando yake alikuwa wakili wa upande wa kampuni, Bi. Lonsdale, mwanamke mwenye adabu nyingi na sauti laini, na adabu ile ilinitia hofu kuliko ukali. Pip alikaa peke yake upande wa pili, mkoba umewekwa mapajani kama ngao.

Jambo la kwanza waliloomba kwa Selwyn lilikuwa jina lake.

Alisimama. Mdomo ukafunguka. Hakuna kilichotoka. Karani akatazama karatasi yake, akatazama tena. Mtu mmoja mbele yangu akakohoa. Niliona mikono ya Selwyn imeshika ukingo wa meza mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

"Bwana Selwyn Crabtree, siyo?" Bi. Lonsdale akasema kwa upole.

"Mwacheni shahidi aseme mwenyewe," mchunguzi akasema.

Likatoka, hatimaye. Akaapa, nacho kiapo kilimchukua muda. Kisha akaeleza asubuhi ile: uani, lori, kamba ya bluu. Alikwenda kwa vituo, lakini alikwenda. Mpaka Bi. Lonsdale aliposimama.

"Bwana Crabtree, pole sana kwa kukusumbua. Nina swali dogo tu. Bwana Thackwray alisema ile ilikuwa kamba ya aina gani?"

Swali lilikuwa lile lile. Namna ile ile. Na Selwyn, licha ya majuma yote yale, alilifuata. Niliona anatanguliza. Meno yakakutana, hewa ikapita katikati yake kama tairi linalopumua, "Sss," kisha hata hiyo hewa ikakatika. Shingo ikatutumka. Macho yakafumba. Ukumbi mzima ukageukia zulia.

Kiti cha Thackwray kikalia. Mchunguzi akainama mbele.

"Bwana Crabtree, kama itakuwa rahisi kwako, unaweza kuandika. Tutakupa karatasi."

Karani akaileta, na kalamu juu yake. Selwyn akafumbua macho akaitazama. Niliona mkono wake unaisogelea, na kwa kweli moyoni nilimwambia, andika, bwana, andika tukapumue.

"Taarifa yako ya polisi nayo iliandikwa," Bi. Lonsdale akasema, bado kwa ile sauti laini. "Humo tunasoma neno 'old'. Na sahihi ni yako. Je, ndilo neno hilo? Old?"

Alikuwa anampa mlango. Neno jepesi, lisilo na S, limeshafunguliwa na mtu mwingine. Kazi yake ilikuwa kuitikia kwa kichwa tu, kama alivyoitikia kwenye ukuta wa makaburi. Niliona kichwa chake kinaanza kushuka.

Kisha kikasimama. Selwyn akaisukuma karatasi pembeni, polepole, kwa upande wa kiganja. Akaweka kidole kimoja mezani.

"Ile kamba," akasema. Akapumua. Kidole kikagonga, kikagonga. "Alisema. Ile kamba ilikuwa se-cond-HAND."

Pip aliinua uso.

"Second-hand," mchunguzi akarudia huku anaandika. "Ndilo neno alilotumia?"

"Ndilo."

"Lakini hukuliambia polisi," Bi. Lonsdale akasema.

"Hapana."

"Kwa nini?"

Hapa ndipo palipokuwa pagumu kuliko pale pa neno lenyewe, aliniambia baadaye. Lile alikuwa amelifanyia mazoezi. Hili hakuna mtu aliyewahi kumsikia akilisema, hata mama yake.

"Kwa sababu nilishindwa kulitamka," akasema. Ilimchukua muda mrefu, kipande kwa kipande. "Mimi hukwepa. Neno likinikwama, nasema jingine. Maisha yangu yote. Siku ile nilikwepa nikasema old. Dougie alikuwa chini pale, na mimi nikakwepa."

Thackwray alikuwa akitazama mikono yake. Bi. Lonsdale akapanga karatasi zake. Sikumwona kama mtu mbaya. Alikuwa anafanya kazi yake, na swali alilouliza baada ya hapo lilikuwa swali la haki.

"Bwana Crabtree, umetuambia kwamba wewe hubadilisha maneno. Unasema lisilo ili ukwepe lililo. Sasa tutajuaje kwamba hili la leo nalo si la kubadilisha?"

Ukumbini watu walijisogeza. Niliona Selwyn amepigwa. Hakuwa amelitarajia swali hili, wala Imelda hakuwa amelitarajia. Akatazama meza. Akatazama dirisha.

"Kwa sababu," akasema, akakwama. Akabaki pale pale, hakukimbia. Akaachia. "Kwa sababu mtu hakwepi kuelekea kwenye S. Si mimi. Ningetaka jepesi, ningesema lolote. Ningesema old tena, umenipa mwenyewe. Hili ndilo neno gumu kuliko yote niliyonayo. Umeona lilivyonitesa hapa. Ningelichagua la nini, kama silo alilolisema?"

Bi. Lonsdale akamtazama kwa muda. Kisha akasema, "Sina swali jingine," akakaa.

Mchunguzi alimwita Thackwray, aliyekuwa ameapa na kutoa maelezo yake mapema siku hiyo, arudi mbele. Alimsomea sentensi ile moja, taratibu, akamkumbusha kwamba yuko chini ya kiapo, na akamuuliza kama aliitamka. Thackwray alivuta tai yake. Alianza kusema juu ya mafuriko.

"Sikukuuliza mafuriko, Bwana Thackwray."

"Inawezekana nilisema hivyo," Thackwray akasema, kwa sauti ndogo sana. "Mtu husema mengi asubuhi." Halafu, akiwa anaitazama sakafu: "Nilinunua mnadani. Lilikuwa boksi zima. Nilidhani ni nzuri."

Uamuzi ulipotoka ulisema Dougie Rushworth alikufa kwa sababu alipewa kamba iliyotumika mahali pasipojulikana na isiyokaguliwa na mtu mwenye ujuzi, na kwamba hapakuwa na ushahidi wowote kuwa yeye ndiye aliyeiharibu. Jambo likapelekwa kwa wakaguzi wa usalama kazini. Thackwray alishtakiwa mwaka uliofuata, akakiri, na kampuni ikafungwa. Malori yaliuzwa. Yeye mwenyewe alihamia kwa dada yake pwani, na wanaomfahamu wanasema amezeeka haraka.

Ungedhani Pip angemkumbatia Selwyn pale nje. Mimi nilidhani. Alimfuata ngazini, uso wake umekauka.

"Muda wote huu," akamwambia. "Tangu Oktoba namlaumu mume wangu. Nilizitoa zile betri nikazipiga teke mpaka kidole changu kikavunjika. Nilimtukana, Sel, marehemu, peke yangu gerejini. Na wewe ulikuwa nalo mdomoni."

"Najua."

"Hujui. Usiseme unajua."

Akaondoka kwenda kwenye gari lake. Selwyn alisimama ngazini mpaka watu wote wakapita. Hakuniomba nimfariji. Tulirudi kwa treni moja tukitazama madirisha tofauti.

Alipata kazi kwenye bustani za manispaa, kutunza miche. Kigugumizi hakikumtoka. Imelda alikuwa amesema kweli. Kuna siku ile njia ya silabi nyepesi ilimpitisha na kuna siku ilimwacha amesimama kaunta na foleni nyuma yake inaguna. Tofauti niliyoiona ni kwamba aliacha kukimbia. Alikwama hadharani, uso umeiva, akabaki na neno lake mpaka litoke. Watu wengine walimcheka. Wengine walizoea.

Pip hakusema naye majira yote ya baridi. Wakikutana sokoni aligeukia upande wa viazi. Kisha, Aprili, ilifika siku ya kuondoa kabati kubwa la ghorofani kwake, na ndugu zake walikuwa na migongo mibovu. Akamtumia ujumbe mfupi: kama una nafasi. Selwyn alikwenda. Walilishusha kabati lile ngazi kwa ngazi, wakikwaruza ukuta na kulaumiana kona ipi igeuzwe kwanza, na lilipofika chini Pip akamwekea chai na kipande cha keki ya tangawizi mezani.

Walikunywa. Halafu Pip akauliza, bila kumtazama, "Asubuhi ile, uani. Kabla ya yote. Alikuwaje? Alikuwa na furaha?"

"Alikuwa anatania."

"Anatania nini? Nieleze. Yote, usirukeruke."

Selwyn akaweka kikombe chini. Akaanza na kamba iliyonuka gereji na jibu la Len, na namna Dougie alivyocheka kwa kurudisha kichwa nyuma. Akaendelea na wimbo mbovu alioimba njiani, na mwanamke wa kanisani aliyewaletea biskuti, na Dougie akamwambia kwamba akianguka itakuwa kwa uzito wa biskuti hizo. Hapo Pip alicheka, kisha akaweka mkono mdomoni. Kulikuwa na S nyingi katika hadithi ile. Alikwama katika kila moja, na ilimchukua alasiri nzima kuimaliza, na alipoimaliza Pip aliinuka, akajifuta macho kwa sehemu safi ya aproni, akaenda kuweka maji mengine jikoni.